Siku Tuliyomlilia Baba Akiwa Hai

Juma lililopita mjukuu wangu aliwanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe nyuma ya nyumba yangu hapa mtaani Kambarage, na upepo ukaniletea harufu hadi sebuleni. Dawa za siku hizi zina makopo mazuri, lakini harufu ni ileile ya josho la kuogeshea ng'ombe, kali, inayokwaruza koo. Nilifunga dirisha. Mjukuu akacheka, akasema bibi umeshakuwa mtu wa mjini. Ninyi nitawaambia, kwa kuwa hamtanikatiza: harufu hiyo ilikuwa kwenye nguo za baba yangu siku tuliyomlilia msiba, naye amesimama mbele yetu.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mwakitolyo, ambako leo watu wanachimba dhahabu. Wakati ule mali ilikuwa juu ya ardhi na ilikuwa na kwato. Baba yangu, Masanja, alikuwa tarishi wa mtemi. Alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi ya mkaa hadi ikataka kusimama yenyewe, na tarbushi nyekundu ambayo sisi watoto tuliiheshimu kuliko mtemi mwenyewe. Nilikuwa na miaka saba hivi, mtoto wake wa kwanza, na nilijiona binti wa serikali.

Kazi ya baba ilikuwa kupeleka amri za Mwingereza. Mwaka ule amri ilihusu ng'ombe: wote wapelekwe joshoni, wahesabiwe, kisha walioonekana kuzidi wapunguzwe. Kumwambia Msukuma ng'ombe wake wamezidi ni sawa na kumwambia watoto wake wamezidi. Lakini hakuna aliyerusha jiwe wala kushika mkuki. Watu walikubaliana tu, kimyakimya, kwamba siku ya josho hakuna zizi litakalofunguliwa. Bwana mifugo alikaa mchana kutwa kwenye kiti chake, baba kando yake, wakitazama maji ya dawa ambayo baba mwenyewe aliyachanganya na hakuna ng'ombe aliyeyagusa.

Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alikasirika. Alitaka majina ya walioanzisha mgomo ili wafungwe, akampa baba siku tatu. Baba aliyajua yote. Wengine alikuwa amecheza nao utotoni. Haya sikuyajua wakati ule. Nilijua tu kwamba majirani wameacha kuitikia salamu zetu. Nilipotumwa kuomba kaa la moto kwa Mama Nkwimba, alinitazama kama anayetazama njia tupu, akaendelea kutwanga.

Siku ya tatu nilirudi kutoka kisimani, jua la utosi, nikakuta uani kwetu kumejaa wanawake. Walikaa chini wamenyoosha miguu, kaniki zimefunika vichwa. Moto wa jikoni ulikuwa umezimwa kwa maji, na kwetu moto ulizimwa hivyo pale tu alipofariki mwenye nyumba. Hakuna aliyelia kwa sauti. Walitoa mguno mmoja wa chini, wote pamoja, ukakatika, ukaanza tena. Kuku walikuwa wamekimbilia chini ya ghala wakanyamaza.

Mama yangu alikuwa katikati yao. Nilimwuliza nani amekufa. Akanivuta, akanikalisha, akanifunika kichwa bila neno. Mtoto akinyimwa jibu hujitafutia. Nikatazama wadogo zangu, wote wawili wapo. Bibi, mama yake baba, yupo. Aliyekosekana ni mmoja. Nikaanza kulia, na nadhani uani pale ni mimi peke yangu niliyetoa machozi ya kweli.

Ndipo baba akaingia langoni.

"Nani?" aliuliza, akihema. "Mama Kabula, ni nani?"

Mama akainamisha kichwa. Baba akatuita watoto kwa majina, mmoja mmoja. Wadogo zangu waliitika. Mimi nilimkodolea macho. Akamgeukia bibi. Bibi alikuwa anaangalia lango, moja kwa moja, kana kwamba hakuna mwili uliomzuia kuliona.

"Masanja, ng'wana wane, mwanangu," bibi alisema kwa sauti ya kuaga maiti, "alikuwa mtoto mwema. Hakuwahi kumuuza mtu."

"Mama, mimi niko hapa."

"Tumlilieni," bibi akawaambia wenzake, na mguno ukaanza tena.

Sasa, msinicheke. Binamu yangu alikuwa amenifundisha kwamba mzimu hutembea saa sita mchana, na utaujua kwa kuwa hauna kivuli. Nikatazama chini ya miguu ya baba. Jua lilikuwa utosini pake na kivuli chote kimejificha chini ya viatu. Sikukiona. Na ile harufu ya dawa niliichukulia kuwa ndiyo harufu ya wafu.

Midomo ya baba ilikuwa imekauka. Aliona namtazama, mtu pekee aliyemtazama, akajaribu kutabasamu.

"Kabula, mwanangu, niletee maji."

Kibuyu nilichotoka nacho kisimani kilikuwa mbele yangu. Baba akanyoosha mkono. Nikapiga yowe, nikakimbilia zizini, nikajibanza katikati ya ng'ombe, na kutoka humo nikauona uso wake. Sijauona tena uso wa namna ile, na nimezika watu wengi.

Aliivua tarbushi, akaiweka chini, akakaa karibu na lango bila kumsogelea mtu. Kesho yake, mbele ya Bwana Shauri, alisema hajui jina hata moja ila lake. Wakamfunga yeye. Alipotoka, kijiji kizima kilikwenda kumpokea, na bibi akamwita kwa jina kama mtu aliyetoka safari ya kawaida.

Baada ya uhuru sifa iliniangukia mimi. Kwenye sherehe wazee walinisimamisha: huyu ndiye mtoto aliyemnyima baba yake maji kwa ajili ya nchi! Nilipigiwa makofi, nikapewa soda. Ningesema nini? Nilikunywa soda. Baba naye alipiga makofi pamoja na wengine, nami nikakwepa macho yake. Aibu ile niliibeba hadi nikawa na watoto wangu.

Nilimwambia akiwa mzee mgonjwa, namuuguza hapa mjini. Nikasema, baba, sikukunyima maji. Sikujua habari za josho wala za Mwingereza. Nilidhani umekufa, nikakuogopa.

"Najua," alisema. "Ungeninyima ningekuchapa, na kesho yake ningeyataja majina yote. Mama na wale wanawake niliona wananichezea, na mchezo ningeuvumilia. Wewe hukuwa unacheza."

Akageukia ukutani, akalala. Nikabaki nimekaa kando ya kitanda chake, na ndipo nikaelewa kwamba siku ile uani wote walijua Masanja yuko hai, isipokuwa watu wawili: mimi, na baada ya kuniona nakimbia, yeye mwenyewe.