Saini ya Mume

Kiwanda kizima kilimwita Mama Mkasi. Vitambaa arobaini vilivyotandikwa kimoja juu ya kingine, yeye ndiye aliyevikata kwa mara moja. Mkono ukiteleza, mashati arobaini ya shule yameharibika. Bosi, asiyemwamini hata mama yake mzazi, alimwachia meza ile ya kukatia miaka kumi na minne.

Mimba ya tano ilimkuta na moyo mbovu. Ya nne iliuacha umetanuka, akaonywa asithubutu tena. Safari hii daktari hakumung'unya maneno.

"Mama, ukiibeba hii huenda usifike nayo mwisho. Tuitoe wiki hii. Sheria inaruhusu."

"Itoeni."

Daktari akamsogezea fomu. "Hapa chini tunahitaji saini ya mume."

"Mwaka jana mume wangu alipasuliwa ngiri hapa hapa. Nani alimsainia?"

"Alisaini mwenyewe."

"Haya basi."

"Ndiyo utaratibu, mama," daktari alisema, akiitazama kalamu yake.

Utaratibu! Mtu anaaminiwa kwa mashati arobaini, haaminiwi kwa tumbo lake moja.

Mume si mtu mbaya. Halewi, hapigi, na ndiyo maana hakuna aliyemlaumu. Alikaa na fomu siku tano. Kisha akaita ndugu zake, wakajaa sebuleni wakibishana kama mwanamke ana uhuru na mwili wake, na mwenye mwili yuko jikoni anawachemshia chai, akishika ukuta kila hatua tatu. Hakuna aliyemwita aje aseme lake.

"Siwezi kuua damu yangu, mama watoto," mume alisema wageni walipoondoka. "Tumwachie Mungu."

"Na mimi je? Mimi si damu ya mtu?"

 Mume aliikunja fomu akaitia mfukoni.

Mtoto alizaliwa wa miezi saba, wa kike, mzima wa afya. Mama yake alibaki wodini miezi miwili. Ngazi za kiwanda hazipandi tena, na meza yake kapewa mwingine. Hata kumpakata mwanawe, sharti akae kwanza.

Sasa kila mgeni akija, mume humnyanyua binti yake juu. "Muoneni huyu! Kuna watu walitaka nisaini." Wageni hucheka, wakampongeza kwa msimamo wake.

Juzi, mtoto akiwa amelala mapajani mwa mama yake, dada wa mume alimgeukia. "Sema kweli, wifi. Si unampenda lakini?"

"Nampenda kuliko macho yangu."

Ni kweli, na hilo ndilo linalomuuma zaidi: mapenzi yake kwa mtoto yamegeuzwa ushahidi dhidi yake. Alivuta pumzi mara mbili ndipo akamalizia.

"Na ile fomu, ningepewa kalamu mimi, ningesaini."

 Wifi akainuka, akamwondoa mtoto mapajani mwa mama yake, akatoka naye nje.