Sura Nne Kwenye Mvuke wa Nyamyumba

Hana chumba cha giza. Hana dawa za kusafishia picha, kwa kuwa aliyekuwa akizileta kutoka Kigali aliacha kuja barabara ilipochafuka kwa vita. Hana umeme wa kutegemea. Hana ukoo mjini Gisenyi, wala mtu wa kumuuliza anapokwama.

Alichonacho Saidati Kaltumu, mpiga picha mwenye miaka arobaini na mmoja aliyerudi kutoka Tabora, ni kompyuta, skana na printa ya wino ambavyo kaka yake alivinunua Kampala. Wino ni mweusi tu. Wa rangi haushikiki kwa bei.

Asubuhi hii, katika kibanda chake karibu na soko, ameinamia meza ananusa picha. Inayonuka bado haijakauka, na isiyokauka hampi mtu.

“Karatasi ni mnafiki,” anasema. “Inakuchekea leo. Unyevu wa ziwa ukiingia, uso unakimbia.”

Hilo alifundishwa na Béata, muuza sambaza, dagaa wa ziwani. Mama yake Béata alifariki mwaka jana, 1998, akaacha picha moja ndogo kama ya kitambulisho. Sebahire, kaka yake Béata aliyeondoka kwenda Kigoma akiwa kijana, aliandika akiomba auone uso wa mama katika uzee wake. Béata hakuthubutu kuituma picha ya pekee. Alitaka nakala.

Saidati aliikuza, akaitoa nyeusi na nyeupe. Béata akaipokea kwa mkono uliotoka kwenye beseni la samaki. Jicho moja la mama likaondoka na kidole gumba.

“We umeniuzia masizi,” Béata alisema mbele ya wateja. “Mama alikufa mara moja. Unataka afe tena?”

“Nipe muda, dada. Sura yake bado imo kwenye kompyuta.”

“Mama yangu iko mule ndani? Na nani alikupa ruhusa ya kubaki naye?”

Hapo ndipo mji mzima ulipogeuka kuwa mshauri wa jinsi ya kuikinga picha na maji. Seremala alimletea vanishi ya vitanda. Msusi alimpa laki, dawa ya kupulizia nywele zikae. Sylvain, mchuuzi wa vitu vya Goma, alimwonyesha kopo la kupuliza lisilo na maandishi.

“Bon, mama, hii iko orijino.”

“Mbona haina jina?”

“Yenye jina iko na bei ingine.”

Akalinunua hivyo hivyo, kwa pesa aliyopata wiki nzima kwa picha za vitambulisho. Wa nne alikuwa Twagirimana, mpaka rangi wa gereji, aliyemmiminia maneno kabla ya vanishi yake angavu ya magari: “Gari inanyeshewa kila siku. Umeona imefutika?”

Saidati hakumwamini hata mmoja. Kila mtu alikuwa anasifia kilichokuwa mkononi mwake.

Akawaza: kinga hizi zijaribiwe mahali penye unyevu kuliko bahasha yoyote. Akaenda Nyamyumba, kwenye chemchemi za maji ya moto. Na kwa kuwa hakutaka kumtesa mama wa mtu, alitoa sura yake mwenyewe, nakala nne, kila moja na kinga yake, akazianika kwa kamba juu ya mvuke.

Zilikuwa siku ambazo watu walikuwa wamejifunza kuutazama mara mbili uso wasioujua. Waogaji walizitazama zaidi ya hapo.

“Huyu mutu anatafutwa,” alisema mzee aliyekuwa akikanda goti lake majini.

“Amefanya nini?”

“Picha ine, mutu moja? Iko kitu kubwa.”

Saidati akatokea migombani kuja kugeuza karatasi zake. Waogaji wakamgeukia. Mmoja akavuta shati lake karibu.

“Si weye huyu?” mzee akauliza.

“Ndimi.”

“Donc unajitafuta mwenyewe?”

“Natafuta kinga, mzee.”

“Bila kinga ya mganga ungekuja mchana kweupe?” Wenzake wakacheka, lakini macho hayakumwachia.

Kufika adhuhuri, sura yenye vanishi ya seremala ilikuwa ya manjano kama ya mgonjwa wa ini. Ya msusi ilikuwa imenata, imekusanya mbu. Ya Sylvain ilikuwa imetiririka hadi kidevuni. Ya gereji ilisimama, ila pale alipopulizia karibu ilikuwa imekunjamana. Tangu hapo hupulizia kwa mbali, vanishi nyembamba, huacha ikauke, kisha hurudia.

Picha anayoinusa asubuhi hii ndiyo ya mama. Béata anaingia, hasalimii, analowesha kidole gumba, anabonyeza pembe ya karatasi. Anakitazama kidole. Anabonyeza tena, sasa juu ya jicho.

“Leo imekataa kutoka. Na kesho?”

“Kesho siijui, dada. Jua litaila polepole. Mwambie kaka asiitundike dirishani.”

“Angalau we husemi orijino.”

Saidati anasema hana ndoto kubwa. Anataka neno moja kutoka Kigoma, kwamba mama amefika na macho yake yote mawili. Akilipata, atatundika ubao mlangoni: picha za wazee zinakuzwa hapa.

Béata anaitia picha kwenye bahasha, kisha mkono unasita.

“Weka na yako. Ile ya gereji.”

“Ya nini?”

“Mama akifutika, kaka ajue wa kumlaani.”

Saidati anaufuata uso wake uliokunjamana pembeni, anaulaza mgongoni kwa mama. Béata anapaka gundi, anaigandamiza bahasha kwa ngumi. Wanakwenda posta pamoja, maana hakuna anayemwachia mwenzake kuibeba, na wanasimama pale dirishani mpaka karani ameigonga muhuri na kuitupa kwenye gunia.