Pioni Nyuma ya Mfalme

Wenzangu wakikumbuka miaka ya vita hapa Kisangani, wanakumbuka njaa na mabomu. Nami nayakumbuka. Lakini nikisema yote, miaka ile ndiyo niliyojifunza sataranji, na nilifurahi, na furaha ile imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Shule ilikuwa imefungwa. Tonton, yaani mjomba, mdogo wake mama, alikuwa amekwama kwetu, komini ya Tshopo. Nyumba yake iko ng'ambo, Lubunga, na kila siku alikuwa akivuka mto kuja kulinda depo, ghala la mfanyabiashara mmoja mjini. Siku moja alivuka asubuhi, mchana risasi zikaanza, na askari wakakataza pirogi zote, mitumbwi ya kuvukia. Mke wake akabaki upande ule na mimba ya kwanza.

Alikuja kwetu na mfuko tu. Ndani yake mlikuwa na ubao wa sataranji, vipande vyake, na kitabu cha Kifaransa cha kufundishia mchezo. Kitabu hakikukaa kizima. Mama alikuwa akikaanga mikate na kuiuza mlangoni, karatasi za kufungia zilikuwa zimekosekana, basi akaanza kukichana kuanzia mbele. Tonton alipogundua, majirani walikuwa wameshaondoka na nusu ya kitabu pamoja na mafuta.

"Yaya," akamwita dada yake mkubwa, "umefungia mikate mwanzo yote ya kitabu!"

"Na weye njo ulikula ya kwanza," mama akamjibu. "Uliuliza karatasi inatoka wapi?"

Tonton akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaniita mimi. "Bon, mama. Tutaanzia mwisho."

Mama ndivyo alivyokuwa akiniita, ingawa nilikuwa msichana wa kupigwa bado kwa kuunguza mikate. Na ndivyo nilivyojifunza kinyume na watu wote. Wengine huanza na ubao uliojaa. Mimi nilianza na wafalme wawili na pioni moja, yule askari mdogo ambaye akifika mstari wa mwisho hugeuka malkia. Tulirudia hali ile ile mpaka nikachoka nayo, halafu Tonton akageuza ubao, nikawa mimi wa kuzuia. Sikuruhusiwa kugusa kipande kabla ya kujibu swali lake kwa sauti: "Yeye anataka nini?" Yeye, yaani mpinzani. Nikijibu ovyo, anafunika ubao kwa mkono.

"Unaniambia yenye weye unataka. Hata mbuzi anajua yenye anataka."

Nikigeuza mikate niliota ndege ya kwenda Kinshasa, niko na viatu vyeupe, watu wananong'ona kwamba msichana yule akikubakiza na pioni moja, umekwisha. Na kila tuliposali, mama akiomba mto ufunguliwe, mimi nilisema amina kwa sauti ndogo. Ufunguliwe, ndiyo, lakini nikishamshinda kwanza.

Zamu yangu ikirefuka, Tonton alikuwa akisimama, anafika barabarani, anawauliza wanaotoka mtoni kama kuna habari. Nilidhani ananipa muda wa kufikiri.

Siku yenyewe vipande vilikuwa vimekwisha ubaoni. Nilibaki na pioni moja, na mfalme wangu akiwa hatua moja mbele yake kwa pembeni, mahali pazuri kabisa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa namshinda kweli. Ndipo mama mmoja muuza majani ya pondu akapita akipaza sauti: "Pirogi zinavuka! Wamefungula, lakini mpaka saa sita tu!"

Tonton akasimama. Nikamshika shati.

"Tonton, tumalize kwanza. Iko karibu."

Akaangalia barabara. Akaangalia uso wangu. Akaketi.

Furaha ikanipanda kichwani, nikasukuma pioni. Kosa lile lile la siku zote: pioni hutembea nyuma ya mfalme, haimtangulii. Tonton angeweza kusogeza mfalme wake mara moja, tukatoka sare, akaenda zake. Badala yake aliirudisha pioni yangu kwa kidole.

"Angalia tena, mama. Yeye anataka nini?"

Nikaangalia. Nilikaa sana, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha kukaa sana. "Anataka kusimama uso kwa uso na mfalme wangu," nikasema. "Anizibie njia."

"Eeh. Njo vile."

Nikasogeza mfalme. Pioni ikafuata, ikafika, ikawa malkia. Niliruka, mama akapiga vigelegele akiwa na mwiko mkononi. Tonton alinipa mkono kama mtu mzima, akachukua mfuko wake, akaondoka mbio.

Alirudi mchana, anatembea polepole. Askari walikuwa wamefunga kabla hajafika majini. "Bon," akasema, "tupange vipande." Hakuniangalia vibaya. Afadhali angeniangalia vibaya.

Mto ulipofunguliwa tena, mtoto alikuwa ameshazaliwa na ameshaanza kukaa. Tonton alitusimulia alipokuja kutusalimia: alipomnyanyua mara ya kwanza, mtoto alilia kama ameona askari. "Namuambia, mutoto, mi njo papa yako! Anaongeza tu." Mama alicheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka, kisha nikaingia ndani kutafuta kitu, na sikujua natafuta nini.

Sasa nacheza vizuri. Ndege bado, viatu vyeupe bado, ila mtaani wananiogopa. Wanaokuja kujifunza nawapa yale yale: anza na mwisho, rudia, geuza ubao, usiguse kabla hujajibu. Lakini mpinzani wangu akianza kutupa macho barabarani, mimi ndiye wa kwanza kumlaza mfalme wangu, ishara ya kukubali kushindwa. Wananilalamikia: "Lakini ulikuwa unashinda!"

Najua. Nawaambia wakimbie.