Kifurushi cha Jana

Mwanangu, na nakuita hivyo ingawa nimekutangulia miaka michache tu, ile Jumanne kule kwetu Nyamache bado inanijia, na kusema kweli mpaka leo sijaielewa yote.

Nilikuwa nimejifunza mwenyewe kutengeneza imeji. Ni kama kifurushi: programu na kila kitu inachohitaji, unavifunga pamoja kwa amri unazoandika kwenye ile skrini nyeusi. Changu kiliwatumia majirani ujumbe wa saa ya kufika lori la kukusanya majani chai yao. Nilijiona nimefika!

Saa nne asubuhi dereva akapiga simu: leo anakuja saa tano, si saa tisa. Nikafungua faili yenye saa ya lori, nikarekebisha, nikawasha kifurushi, nikajitumia ujumbe wa kujaribu. Saa tisa. Nikaandika upya. Saa tisa. Nikazima kompyuta, nikawasha. Saa tisa! Na faili inasema saa tano, naiona kwa macho yangu. Majani yakilala yanageuka mekundu, yanakataliwa. Jasho likanitoka.

Nyanya alikuwa kando akifunga ugali kwa jani la mgomba, wa kupelekea wachumaji.

"Wewe, mbona unagombana na mashine?"

"Nyanya, nimebadilisha, haibadiliki!"

"Hicho kifurushi chako ulikifunga lini?"

"Jana."

Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. "Yaya, hapana, mwana! Nikiongeza mboga kwa sufuria saa hii, aliyebeba chakula tangu asubuhi ataionja? Fungua, ufunge upya."

Nikarudi kwenye skrini. Amri moja tu ya kujenga imeji upya, nikawasha hiyo mpya, ujumbe ukatoka: saa tano. Wengi waliwahi mbio. Ila Mama Kerubo, anayekaa kule bondeni, alifika na kikapu chake vumbi la lori bado likielea. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kesho utuambie mapema, baba." Afadhali angenigombeza.

Kwa hivyo, mwanangu, ukigusa faili, jenga imeji upya, kisha uangalie kinachotoka kabla ya kuamini. Na ukichanganyikiwa uliza mapema, hata kama unayemuuliza hajawahi kushika kompyuta. Mimi ningeuliza, chai ya Mama Kerubo ingepanda lori.

Mungu akupe mikono isiyochoka kufunga upya, na majirani wapole kama niliopewa mimi.