Nibu ya Mkono wa Kulia

Kivuva Mwau aliuza mbegu na dawa za mifugo sokoni Kathonzweni, lakini hakutaka mtu amkumbuke kwa dawa ya kupe. Alitaka akumbukwe kwa mwandiko. Mteja akitoa biro mfukoni ili aandike jina la dawa aliyoagizwa, Kivuva aliitazama kana kwamba mtu amemwekea panya mfu juu ya kaunta.

"Hicho ni kijiti cha plastiki," alisema. "Wewe unaandika au unachokoa meno?"

Mteja alicheka, kwa sababu dawa ya kupe haikupatikana kwingine karibu. Kivuva hakucheka. Aliwadharau wenye biro, akawadharau zaidi wenye digrii ambao mwandiko wao ulifanana na nyayo za kuku shambani baada ya mvua. Pasta Mutisya, aliyempenda, Kivuva alimdharau kidogo tu, maana Pasta alikuwa na adabu ya kuficha karatasi zake za mahubiri.

Ni kweli kwamba aliandika vizuri. Vyeti vyote vya ubatizo vya kanisa lao vilipita mikononi mwake, na kadi za arusi, na maneno ya utepe wa mashada ya maua. Herufi zake zilisimama wima, nono kwenye kiuno na nyembamba kwenye shingo, na wazee wasiojua kusoma walizigusa kwa kidole. Ila hakuna aliyewahi kumwona akiziandika. Aliingia chumba cha nyuma cha duka, akafunga mlango kwa komeo, akatoka na kazi iliyokwisha. Watu walisema, "Kivuva ana maringo, hataki tuibe ujuzi wake." Aliwasikia na akawaacha waseme. Maringo yana heshima yake.

Ukweli ulikuwa kwamba Kivuva aliandika kwa mkono wa kushoto.

Alipokuwa mtoto huko milima ya Mbooni, mwalimu wake aliufunga mkono huo kwenye mguu wa dawati kwa kamba ya katani, akamwambia kwamba kushoto ni kwa chooni. Kivuva alijifunza kula kwa kulia, kusalimia kwa kulia na kutia sahihi fupi kwa kulia. Kuandika hasa alikuweka kwa kushoto, kwa siri, jinsi mlevi wa kanisani anavyoweka chupa. Mtu angetazamia kwamba aliyefungwa kamba ya namna hiyo angeichukia. Kivuva aliiheshimu. Binti yake Kanyiva alipoanza shule na kushika penseli kwa kushoto, Kivuva alitafuta kamba ya katani dukani mwake mwenyewe, akamfunga mkono. Mkewe Syokau ndiye aliyeikata kwa kisu cha mboga. Baadaye Kanyiva alipanda juu ya gunia la mahindi, akachungulia kwenye dirisha la chumba cha nyuma, akamwona baba yake akiandika. Tangu siku hiyo alimtazama kwa jicho ambalo Kivuva hakulipenda, na akaendelea kuandika kwa kushoto mpaka akawa muuguzi.

Sasa Kanyiva alikuwa anaolewa na Githaiga, mtoto wa Wahome; Wahome huyo alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kwenye mji mmoja wa barabara ya Mombasa. Siku ya ntheo, wakwe walipoleta mbuzi wa kwanza wa kuposa, dada yake Wahome aitwaye Kui alimpa Kivuva blanketi la heshima. Mikono ya Kivuva ilikuwa na mafuta ya nyama. Akajisahau, akanyoosha wa kushoto.

Kui alilirudisha blanketi kifuani. "Kwetu tunapokea kwa mkono wa watu," alisema. Wageni wakacheka kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyouma.

Wahome alitaka kupoza mambo. "Muthoni," alisema, maana hilo ni neno la mkwe kwao na kwetu pia, "tumesikia mwandiko wako hauna mfano. Siku ya arusi utatuandikia cheti cha watoto mbele ya kanisa, tuone kwa macho."

Mtu mwenye akili angesema macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Kivuva alitazama biro iliyochomoza kwenye mfuko wa shati la Wahome, biro ya bure ya kampuni ya saruji, na dharau ikamjaa mpaka kooni.

"Nitaandika," alisema. "Na nitaandika kwa kalamu ambayo ukoo wenu wote haujawahi kuiona."

Hivyo ndivyo mdomo wake ulivyomfunga. Aandike mbele ya watu kwa kulia, ionekane kwamba mwandiko wa Kivuva Mwau ni wa mtoto wa darasa la pili. Au aandike kwa kushoto, Kui apate la kusimulia kila arusi mpaka azikwe. Katika hali hiyo wengine huomba, wengine husema kweli. Kivuva aliagiza nibu.

Kalamu yenyewe alikuwa nayo tayari: kalamu ya wino nyeusi, yenye pete za dhahabu, iliyokuwa imemeza pesa za ndengu za msimu mzima. Lakini katika simu yake alikuwa amesoma kuhusu watu wanaokata nibu, zile ncha za kalamu ya wino, kwa kuagizwa, kila nibu kwa mkono wa mwenyewe. Alisoma mpaka macho yakamwasha. Kulikuwa na nibu ya waandishi wa muziki, yenye mipasuko miwili badala ya mmoja. Kulikuwa na nibu iliyopinda juu kama pua ya kiatu, na iliyokatwa mshazari, na laini inayopanuka ukiikandamiza. Kivuva akashawishika kwamba mahali fulani duniani kuna nibu itakayoufanya mkono wake wa kulia uandike kama wa kushoto. Alimwambia Syokau.

"Kwa hiyo nikinunua sufuria ya bei ghali," Syokau aliuliza huku akipepeta pojo, "itajua kupika bila mimi?"

"Hujui vitu hivi."

"Sijui. Endelea."

Fundi aliyempata alikuwa mama mmoja wa Japani. Aliomba mambo mawili: mfano wa mwandiko na video ya mkono ukiandika. Kivuva alimpigia picha cheti kizuri kuliko vyote, alichokiandika kwa kushoto, akaeleza kwamba huo ndio mwandiko anaotaka kutoka kwenye nibu. Kisha alivaa koti na tai, ingawa video ilikuwa ya mkono tu, akajirekodi akiandika jina lake kwa kulia. Ilimchukua muda mrefu. Ulimi ulimtoka nje.

Jibu lilikuja kwa Kiingereza kifupi chenye adabu. Mama yule alisema ametazama video mara nyingi. Mwandiko wa kwenye picha na mkono wa kwenye video ni wa watu wawili tofauti. Aliuliza amtengenezee nani kati yao. Akaongeza kwamba mistari ya kwenye picha inaonyesha mkono wa kushoto, mzuri sana, na kwamba angefurahi kuukatia nibu mkono huo.

Kivuva aliisoma simu akiwa amesimama.

"Mjapani wa wapi huyu," alifoka, "wa kuniambia habari za mkono wangu! Ameshawahi kufika Makueni?"

"Amesema nini?" Syokau aliuliza.

"Amesema upuuzi."

"Amekuona, eh?" Syokau alitabasamu kwenye ungo wake. "Kutoka huko kote. Na mimi nilidhani unajificha vizuri."

Kivuva alimjibu fundi kwamba afanye kazi aliyolipwa kuifanya: nibu ya mkono wa kulia. Na fundi, kwa kuwa alikuwa fundi na si mama yake, akaifanya.

Ilifika posta ya mji wa Wote ndani ya kisanduku kidogo kama cha pete. Kivuva aliitia kwenye kalamu, akajifungia chumba cha nyuma, akaandika kwa kulia. Na kwa kweli nibu iliteleza kama maziwa. Haikukwama, haikukwaruza, haikudondosha wino. Ilichora kwa uaminifu mkubwa kila mtetemeko wa mkono wake. *Kanyiva* ilianguka upande mmoja kama uzio wa miiba uliosukumwa na ng'ombe. *Githaiga* ilipanda mlima. Aliandika tena na tena, karatasi ikafuata karatasi, na kila karatasi ilikuwa ya mtoto yuleyule wa darasa la pili, ila sasa mtoto huyo alikuwa na kalamu ya tajiri. Hakuwahi hata kuijaribu kwa kushoto. Aliona kwamba kufanya hivyo ni kumkubalia Mjapani.

Asubuhi ya arusi, Syokau alipokuwa akihesabu sahani na wapishi, Kivuva alimjia jikoni.

"Mama Kanyiva, nifunge mkono."

"Umeumia?"

"Nifunge tu. Wa kulia. Tuseme niliteleza stoo."

Syokau alielewa mara moja. Alimtazama kutoka kwenye tai mpaka kwenye viatu vilivyong'aa. "Kanyiva ulimfunga kwa sababu aliandika kwa kushoto," alisema. "Leo unajifunga mwenyewe ili upate ruhusa ya kuandika kwa kushoto. Baba Kanyiva, wewe nitakusimulia kwa nani, aniamini?"

Alirudi kwenye sahani zake. Kivuva akachukua kitambaa cheupe kilichokuwa mezani, akajifunga mwenyewe, vizuri sana, kwa mkono wa kushoto.

Kanisa lilijaa. Viapo vilipokwisha, Pasta Mutisya aliweka meza ndogo mbele, na juu yake cheti kikubwa cha kutundikwa ukutani. Wahome na Kui walikaa mstari wa kwanza. Kivuva alijitokeza akiwa ameubeba mkono wa kulia kifuani kama mtoto mchanga.

"Poleni, ndugu," alisema. "Nimepata ajali kidogo. Lakini ahadi ni ahadi. Nitajaribu kwa huu mwingine, Mungu akinisaidia."

"Amina!" watu waliitikia, wakisogeza vichwa.

Alitoa kalamu. Pete za dhahabu zikametameta, na mtu nyuma akapiga mluzi. Kivuva akashusha nibu kwenye karatasi kwa mkono wa kushoto, mkono wake mwenyewe, aliouamini kuliko mtu yeyote. Nibu ikakwama. Ilikuwa imekatwa mshazari kwa ajili ya mkono wa upande wa pili, ikachimba karatasi kama jembe, kisha ikatema tone la wino pembeni mwa cheti. Alijaribu tena. Ikakwaruza kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wanakwaya.

Wahome aliinuka, mwenye huruma za dhati, akachomoa ile biro ya saruji mfukoni. "Shika hii, muthoni. Hizi hazina maneno."

Kivuva hakuwa na la kufanya. Alikishika kijiti cha plastiki mbele ya watu wote aliowahi kuwacheka, akaandika. Aliandika upesi, kwa sababu alitaka yaishe, na herufi zikasimama wima, nono kwenye kiuno na nyembamba kwenye shingo kadiri biro inavyoweza. Pasta alikiinua cheti juu.

"Tazameni! Kwa mkono wa kushoto! Kwa mara ya kwanza! Huu si muujiza?"

Kanisa likalipuka. Wanawake walipiga vigelegele, mzee mmoja akaanzisha wimbo. Hata Kui alipiga makofi. Pasta alimsogezea Kivuva kipaza sauti ili ashuhudie matendo ya Bwana. Kivuva alikitazama kile kipaza sauti. Akatazama nyuso zilizomwamini. Na hapo, badala ya kunyamaza, alikohoa kidogo na kusema, "Kwa kweli, ndugu zangu, hata mimi nimeshangaa."

Kanyiva alikuwa ameketi karibu naye ndani ya gauni lake jeupe. Alimtazama kwa lile jicho la juu ya gunia la mahindi. Kisha akainuka, akaja mezani kutia sahihi, akachukua biro kwa mkono wa kushoto.

"Wewe nawe umeumia?" Kui aliuliza kwa sauti.

"Sijaumia, shangazi. Huu ndio mkono wangu wa kuandikia." Aliandika jina lake lote bila haraka, na kila aliyekuwa mbele aliona kwamba herufi zake na za juu yake zilikuwa ndugu wa tumbo moja. "Nimeurithi kwa baba. Yeye ameandikia huohuo maisha yake yote. Vyeti vyenu vyote ni kazi ya mkono huo."

Wimbo wa mzee ulikufa katikati. Pasta Mutisya alikishusha cheti polepole, na kipaza sauti kikapiga kelele peke yake mpaka mtu akakizima. Hakuna aliyemtukana Kivuva. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu matusi angeyajibu.

Syokau ndiye aliyekuja mbele, akanyoosha kiganja. "Nirudishie hicho kitambaa," alisema, si kwa ukali. "Ni cha kufunikia chapati, na wageni wana njaa."

Kivuva alikifungua kwa mkono wa kushoto, upesi, kama mtu anayejua kazi yake. Mkono wa kulia ukatokea mzima, mwororo, hauna hata mkwaruzo. Akampa mkewe kitambaa, kisha akaokota biro mezani, akamwendea Wahome nayo.

Wahome alimtazama kidogo, kisha akatazama pembeni, kwenye madirisha.

"Kaa nayo, muthoni," alisema. "Za bure hizo. Dukani ziko katoni nzima."