Jani la Chini ya Saa

Mie hasira zangu hukaa puani, na mwezi ule zilinipanda kwa sababu ya jani.

Nachora hina katika saluni ya wanawake hapa Al Muraqqabat, Dubai. Sisi wanawake tunaopenda wanawake, wachache tunaokutana Jumapili kula pilau nyumbani kwa mwenzetu Silicon Oasis, tulikuwa na alama yetu: jani dogo la hina upande wa ndani wa kifundo cha mkono, pale saa inapolifunika. Wa kwanza niliwachora mie, nao wakawachora wenzao. Ukikutana na mgeni unajikuna, unaisogeza saa kidogo. Akiwa mwenzako, atasogeza yake. Asipokuwa, basi, saa ilikuwa inawasha tu. Hapa huulizi kwa mdomo. Ukikosea, kazi imekwenda, viza imekwenda, na huenda ukalala rumande.

Sasa akaja bibi mmoja wa Kizanzibari, wale waliohamia Dubai zamani, kumleta mjukuu wake achorwe hina ya harusi. Nilivua saa nisiichafue, nikajisahau. Bibi akaliona jani, akalipenda, akasema nimchoree hilohilo, tena juu, mgongoni mwa kiganja, watu walione. Ningemwambiaje? Nikachora. Mashangazi nao wakataka. Haukupita muda, jani limeenea Deira nzima, hakuna harusi isiyolitaka.

Wenzangu walinicheka hadi wakapaliwa. Mmoja wao, Mganda anayelinda mlango wa duka kubwa, aliona jani mkononi mwa mama mtu mzima kwenye metro, akamsogezea saa. Yule mama akadhani walikuwa harusi moja, akaanza kumtafutia mchumba papo hapo.

Wao walicheka, mie nilitaka kulia. Nilikuwa na mteja, Mtanzania wa mapokezi ya hoteli, anayekuja kupaka piko, ile rangi nyeusi ya urembo, na kubaki kitini hata piko ikishakauka. Nilimpenda, niseme ukweli. Nilikuwa bado natafuta ujasiri wa kumsogezea saa, na sasa hata ningeliona jani kwake, lingekuwa pambo tu la harusi. Njia yangu ya kumjua ilikuwa hiyo moja, na nimeiharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi moja akaja mchana, saluni imejaa. Akanyoosha mkono, akasema leo anataka jani. Nikamuuliza kwa kinyongo, kumbe na yeye ana harusi? Akainama karibu yangu.

"Si la harusi," alisema kwa sauti ya chini. "Nataka kama lako, la chini ya saa. Yule Mganda wenu ni jirani yangu. Najua maana yake."

Nikamtazama madam, mwenye saluni, pale kaunta. Nikaiwaza viza, nikamuwaza mama yangu Mombasa.

"Nalitaka kwa maana hiyohiyo," akaendelea. "Miezi yote hii nasubiri usogeze saa, wewe unanisimulia bei ya nyanya."

Wallahi koni ya hina ilinitoka mkononi. Nikaiokota, nikamwambia haya, avue saa nimchore. Akakataa. Akaulaza mkono juu ya mto, kiganja chini, akasema nichore hapo juu, mchana kweupe. Mabibi wameshatufungulia njia, nani atamshuku mtu kwa jani la harusi? Jamani, mie nilikuwa nanuna tu, hilo halikunijia hata kidogo. Nikachora jani baya kuliko yote niliyowahi kuchora, limepinda, na yeye akasema ni zuri.

Alipokwenda kulipa, madam akalitazama jani, akalisifu, akamuuliza harusi ni ya nani.

"Bado, madam," akajibu. "Mambo yakiiva, inshallah, tutakualika."

Nilikuwa nyuma yake nimemshikia mkoba, maana hina yake ilikuwa haijakauka. Nilicheka huku machozi yananitoka, wala sikugeuka pembeni kuyafuta.