Shati Langu Lilikatwa Kwenye Kikwembe cha Pili cha Mke Wangu

Nina miaka hamsini na mbili, ni mwandishi wa habari wa redio hapa Lubumbashi, naishi Bel-Air na mke wangu na watoto watatu. Ukurasa unifichie jina. Shemeji yangu atajitambua mapema, na hilo halinisumbui.

Kwetu hatutupi kitu. Mahindi nanunua wakati wa mavuno, kwenye njia ya Kipushi, ya mwaka mzima, tunayasaga kidogo kidogo. Makala, yaani makaa ya kupikia, naweka ndani wakati wa kiangazi, kabla mvua haijaharibu barabara na kupandisha bei. Kazini naenda kwa miguu. Kola ya shati ikichakaa, fundi wa Kamalondo anaigeuza na shati linaishi miaka mingine mitatu. Tunakula bukari, ndio ugali wetu, na samaki, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, nyama Jumapili. Hakuna mtoto wangu aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Sijawahi kujiona nimepungukiwa.

Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, ni mtu wa aina nyingine. Ana jeep ambayo mara nyingi imesimama kwa kukosa mafuta, na viatu vyenye ncha inayofika mlangoni kabla yake. Nimeripoti habari za wakubwa kwa miaka ishirini na minane. Namjua mtu aliyevaa kila alicho nacho.

Mwezi wa nane binti yake aliolewa. Familia ilichagua kikwembe, yaani kitenge, cha unifome, cha bei ya kipuuzi, na kila nyumba ikatakiwa inunue pisi moja kwa mama na nyingine kwa baba. Nilinunua moja. Pisi nzima inatoa blauzi, kikwembe cha kuvaa, na kile cha pili ambacho mama aliyeolewa hufunga juu yake. Nilimwambia mke wangu kwamba hicho cha pili kitatoa shati langu. Itatosha, nilisema. Fundi alikata vizuri. Mke wangu hakusema kitu, nami nikahesabu kwamba amekubali.

Wiki tatu baadaye shemeji alituma ujumbe kwenye simu za familia yote: mchango wa siri kwa nyumba moja ya ukoo iliyo taabuni, jina halitajwi kwa heshima ya wahusika. Nilituma changu siku ileile, bila swali hata moja. Mimi, ambaye nalipwa kwa kuuliza maswali.

Jumapili iliyofuata watu tisa waliingia uani kwangu wakiimba. Mbele alikuwa shemeji, nyuma yake mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano, mafuta, sabuni na chumvi. Kijana mmoja alikuwa anachukua video.

"Beau," shemeji alisema, maana ndivyo tunavyoitana mashemeji, "usisikie haya. Tuliona namna munateseka."

"Nani anateseka?"

"Beau, hata kwa ndoa bantu bote baliona. Dada yangu alisimama na kikwembe kimoya. Ya pili tuliiona kwa mugongo yako."

"Iko bwimi ao bumaskini?" shangazi mmoja alimuuliza mwenzake, kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia. Bwimi kwetu ni uchoyo.

"Bumaskini, tantine. Muimi anakuwaka munene. Angalia huyu."

Walicheka kwa upole, namna watu wanavyocheka wakiwa wamekuja kutoa sadaka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyumba iliyo taabuni ni yangu. Shemeji alisahau kunitoa kwenye orodha ya wachangiaji. Niliuangalia mfuko. Mdomo wake ulikuwa umefunguliwa na kushonwa tena kwa uzi mweusi. Baadaye niliupima kwa mizani ya jirani: kilo ishirini na mbili.

Nilifungua kinywa kuwaambia wakaangalie stoo yenye magunia saba ya mahindi. Mke wangu alinitangulia. Alipiga magoti, akapokea unga kwa mikono miwili, akamwambia kaka yake, "Aksanti, yaya," na akalia.

Walipoondoka nilimuuliza, "Juu ya nini umelia? Tuko na mahindi mpaka mwaka kesho."

"Sikulia juu ya unga. Miaka makumi mbili mi niko bibi ya ndoa ya muntu. Siku ile nilisimama pale sawa binti mwenye hayaolewa bado. Uliniuliza?"

"Ulinyamaza."

"Ulisema itatosha. Wewe ukisema itatosha, nani anasema tena?"

Mwisho wa mwezi huu kuna mkutano wa familia nyumbani kwa shemeji. Nimehifadhi ujumbe wake na uthibitisho wa mchango wangu. Nataka nisimame niwaambie kwamba maskini wao alijilipia sadaka yake mwenyewe, na bado wakamletea pungufu. Nimeandika sentensi nne, hakuna neno la ziada. Mke wangu amezisoma. Amesema nikizisoma pale, atatoka moja kwa moja kwenda kwa dada yake Kipushi, na hajui atarudi lini. Yeye anataka jambo moja tu: nisimame mbele ya watu walewale niseme kwamba nilikata kikwembe chake bila kumuuliza. Yaani nikiri kosa langu mbele ya mtu wa kilo tatu.

Unga ule anaupika kila siku. Mahindi yangu yamekaa stoo. Watoto wanasema bukari ni tamu.

Juzi nilikuta shati la unifome mezani, limefumuliwa mishono yote. Mgongo, mikono, kola, kila kipande kimepigwa pasi. Alikuwa amevipanga vipande hivyo kando kwa kando, akijaribu kuvirudisha kuwa kitambaa kimoja. Nilivipima kwa mkono. Haviwezi kuzunguka kiuno chake.

Ninyi mnaosoma, hasa mlio kwenye ndoa, niambieni: nisome zile sentensi nne, au niseme ile moja?